Orodha Isiyo na Namba

Kaloleni, Nairobi
4 Oktoba 1998

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama na wote hapo Shinyalu. Goti la Mama linaendeleaje na mvua hizi? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, isipokuwa nina hasira ya kunitosha wiki nzima, na sina wa kumwambia ila wewe.

Unaijua ile ofisi mkabala na mahakama za Makadara ninapopigia chapa hati za viapo. Miaka sita nimekaa kwenye ile meza ya dirishani na taipureta yangu. Ijumaa Bwana Mureithi, mwenye ofisi, alibandika karatasi ukutani: kuanzia tarehe moja Februari, meza ni ya mwenye kompyuta tu. Hakutuita, hakutuambia. Alibandika akaenda kunywa chai. Mawakili wamechoka na hati zenye rangi nyeupe ya kufutia makosa, ati. Kwani hayo makosa nani huyaleta? Wao wenyewe hubadilisha maneno mara nne!

Kompyuta iliyokamilika dukani hatuiwezi, lakini kuna njia. Unajua nimesoma kompyuta jioni miezi minane pale kanisani. Kuna fundi Kariobangi, anaitwa Phares, alianza na redio na sasa anaunganisha kompyuta. Amesema nikimletea vipande ataunganisha, na mimi nikiwa hapo nione. Jambo moja tu, Baba: vipande lazima vipatane. Kuna bodi kubwa ambayo kila kitu huchomekwa juu yake. Prosesa, ambayo ndiyo hufikiri, lazima iwe ya kuingia kwenye tundu la bodi hiyo. Memori vivyo hivyo. Hata kasha la chuma lina aina yake, kwa sababu waya zake za umeme ndizo huiamsha bodi. Kimoja kikikosea, vingine vyote ni vyuma vya kuuza kwa kilo.

Naomba unisemee kwa ukoo. Baba Mdogo Shitanda ndiye mwenyekiti wa chama chetu hapa Nairobi, na mimi nikisema mbele yake ananiuliza nitaolewa lini. Wewe ni kaka yake mkubwa, hawezi kukataa neno lako. Nimeambatanisha orodha. Nimeiandika polepole kwa siku tatu, nikitembea madukani na kuuliza. Tafadhali usiache namba zilizo mbele ya kila kitu, hata kama zinachosha. Namba ndiyo kitu chenyewe.

Ni mimi bintiyo,
Triza


Shinyalu
19 Oktoba 1998

Kwa binti yangu Triza,

Pokea salamu katika jina la Bwana. Sisi hatujambo. Goti la mamako limepona baada ya kukandwa, sasa linauma lingine. Mahindi tumevuna, si mabaya.

Barua yako nimeisoma. Huyo Mureithi hana adabu. Mtu humwita mfanyakazi akamkalisha akamwambia. Mimi nilipostaafu reli waliniita ofisini nikapewa kiti na soda.

Nimemwandikia Shitanda na amekubali. Lakini pesa mkononi hutapewa, na usikasirike. Unakumbuka yule binamu yako tuliyemchangia karo ya chuo akaonekana Malaba na viatu vipya. Tangu siku hiyo ukoo hauchangi pesa. Kila nyumba itanunua kitu kimoja na kukileta yenyewe, mbele ya watu, kwa jina lake, kama tunavyofanya harusini na masufuria. Kila mtu aseme: hiki ni changu nilichompa Triza. Ndivyo mtu hupata moyo wa kutoa.

Orodha nimeinakili kwa mkono wangu ili ipate uzito, nikaipeleka na dereva wa basi. Mtakutana ukumbi wa Kaloleni Jumapili tarehe sita Desemba. Vaa gauni la heshima. Ukipewa, pokea kwa mikono miwili na upige goti.

Mamako anasema ule vizuri.

Babako,
Patrobas Luseno


Kaloleni, Nairobi
8 Desemba 1998

Baba mpendwa,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio mgonjwa.

Nilivaa gauni. Nilipiga goti. Ukumbi ulijaa, wanawake wakaimba, pasta akaja. Wa kwanza alikuwa Shangazi Mideva na bodi. Yeye alinijia kazini Novemba akaniuliza sikioni, "Mwanangu, ni ipi hasa?" nikamwonyesha, akanunua ile ile. Mungu ambariki. Kisha Mzee Nabiswa na monita, nzuri, haina shida. Wengine wakaleta kibodi na diski, zote sawa.

Kisha Opicho, katibu, akaleta memori fupi. Bodi yangu inataka ndefu, haina hata nafasi ya kuweka fupi. Ndugu zetu wanaoishi Kariobangi wakaleta kasha refu la kunifika kiunoni, linang'aa, la aina mpya, waya zake za umeme zina mdomo ambao bodi yangu haina. Mwisho kabisa akasimama Baba Mdogo Shitanda. Baba, watu walipiga vigelegele kabla hajafungua sanduku. Akasema aliingia duka kubwa mjini akawaambia, "Nipeni ile inayoongoza." Akatoa Pentium Tuu. Ni kitu kirefu cheusi kama kaseti ya video. Bodi yangu ina mraba mdogo wa vitundu vyembamba, inataka prosesa bapa yenye miguu. Hata mtoto angeona haviwezi kukutana.

Nilitaka kusema. Lakini alikuwa ameinua mikono akicheka, akisema, "Fahali wangu hupigana Khayega na hakuna anayemsimamia, na prosesa yangu ni hivyo hivyo!" Nikapokea kwa mikono miwili. Pasta akaviombea vyote.

Jana nilivipeleka kwa Phares. Aliviweka mezani, akavitazama, akavua miwani. Akasema, "Sista, nani alikunulia hizi vitu? Hii haiingii. Hata tukilala hapa mpaka Easter haiingii. Na mimi siwezi force, ikiungua utasema Phares ndio aliua."

Jioni nikaenda kwa Baba Mdogo na adabu zangu zote. Nilimwambia zawadi yake ni kubwa kuliko bodi yangu, na tafadhali airudishe dukani abadilishiwe ndogo, risiti anayo. Akauliza kama nimewahi kusikia mtu akirudisha kitu kilichoombewa. Akasema, "Mimi nikuletee fahali na wewe uniambie urudishiwe ndama?" Opicho naye akasema memori ni memori. Wote wanasema walinunua kama orodha ilivyosema.

Baba, mimi niliandika namba! Niliziandika kwa kalamu nyekundu! Walizifanyia nini? Zimebaki wiki saba na siku chache, na nina sanduku limejaa vitu vya bei ghali visivyoongea. Mwandikie. Mwambie orodha ilisema nini.

Ni mimi bintiyo,
Triza


Shinyalu
21 Desemba 1998

Kwa Triza,

Salamu. Hatujambo.

Shitanda alipanda basi Ijumaa akaja hapa nyumbani. Hakunywa chai mpaka alipomaliza kusema. Anasema ulimwambia zawadi yake haifai. Anasema ulimwambia hivyo mlangoni kwake, wapangaji wakisikia. Mtu aliyetoka usingizini mapema akaenda mjini kukutafutia kilicho bora!

Mchagua jembe si mkulima. Taipureta ulipewa kuukuu ukaifanyia kazi miaka sita bila kulalamika. Sasa umepewa vipya unasema hiki kirefu, hiki kifupi. Watu wanasema binti ya Patrobas amesoma jioni miezi minane na sasa hawezi kula chakula alichopakuliwa. Nani atakuchangia siku nyingine? Nani atanichangia mimi nikilala?

Huyo Phares ni fundi gani? Fundi hufanya kitu kiingie. Tafuta mwingine.

Mkutano wa ukoo ni Jumapili tarehe ishirini na nne Januari. Nataka usimame umwombe Baba Mdogo msamaha mbele ya watu wale wale. Kisha mambo mengine yatafuata. Krismasi ukija, njoo na mkate wa mamako.

Babako,
Patrobas Luseno


Kaloleni, Nairobi
30 Desemba 1998

Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Mkate nimeutuma na jirani. Sikuja Krismasi kwa sababu ningekuja ningesema haya kwa mdomo, na mdomo wangu sikuuamini.

Sitaomba msamaha. Nimelifikiria siku sita na jibu ni hilo.

Hukuniuliza hata swali moja. Hukusema, Triza, uliandika nini? Ulisikia upande wa Shitanda, ukanihukumu, ukanipa na tarehe ya adhabu. Hata pale Makadara mwizi wa kuku husomewa mashtaka akaulizwa ni kweli au si kweli.

Eti fundi hufanya kitu kiingie! Ni wewe unasema hivyo? Wewe uliyetusimulia kila Pasaka habari ya zile beringi za magurudumu? Tulikuwa tukiketi hapa hapa Kaloleni, kwenye chumba hiki ulichoniachia ulipostaafu. Kreti nzima ililetwa karakana ikiwa na namba moja tofauti, namba moja tu ya mwisho, na msimamizi akakupigia kelele utie saini, ukakataa. Ulisema behewa litabeba watu na watu wana mama zao. Ulikaa bila kazi siku tatu kwa sababu ya namba moja. Mama alikuwa akikopa unga na bado akikusifu. Mimi nilikua nikijua hivyo ndivyo mtu anavyofanya kazi. Sasa nimefanya hivyo, naitwa mwenye majivuno.

Sikusema zawadi haifai. Ni nzuri. Ingekuwa na bodi yake ingewashinda wote hapa Eastlands. Lakini sina bodi yake, na sina wa kuniletea, na kila aliyenipa amesimama pembeni akingoja nishukuru.

Jumatatu Bwana Mureithi alimleta mpwa wake, Eve, akamwonyesha meza yangu nikiwa nimeikalia. Bwana huyo alipima dirisha kwa mikono kuona pazia litakaa vipi. Msichana mwenyewe aliona aibu. Aliniambia, "Aki sista, mi nilidhani huyu amekuambia." Nikamwambia Mureithi Januari bado haijaanza, akasema yeye anapanga tu.

Nikipoteza meza ile, Baba, narudi kufua nguo za watu Buruburu kama mwaka ule wa tisini na mbili. Sijaisahau ile baridi.

Bintiyo,
Triza


Kaloleni, Nairobi
11 Januari 1999

Baba,

Jana baada ya ibada nilimwuliza Shangazi Mideva kama aliiona orodha iliyosomwa kwa wazee. Alisema anayo, alipewa aitunze kwa kuwa ndiye mweka hazina. Aliitoa kwenye Biblia yake.

Mwandiko ni wako. Ile "P" yako yenye mkia.

Nimeinakili hapa kama ilivyo. "Bodi moja. Prosesa moja, iliyo bora. Memori. Diski. Monita. Kasha, liwe la heshima. Kibodi."

Namba haziko. Hata moja. Niliziandika saba, ukaziacha zote saba, na juu ya hapo ukaongeza "iliyo bora" na "la heshima", maneno ambayo mimi sikuyaandika. Baba Mdogo alinunua kama orodha ilivyosema. Opicho alinunua kama orodha ilivyosema. Mwezi huu wote ukoo unanisengenya kwa kosa la mkono wako, na wewe ulilijua ulipokuwa ukiniandikia habari ya mchagua jembe. Ulilijua!

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiisikia nikidhani ni ya watu wengine.

Sijui niandike nini tena. Mkutano ni tarehe ishirini na nne.

Triza


Shinyalu
20 Januari 1999

Kwa Triza,

Hii imeletwa na dereva wa basi, usimpe kitu, nimeshamlipa. Ndani kuna barua ya ukoo. Isome wewe mwenyewe mbele ya wote Jumapili. Isome yote. Usiruke neno lolote.

Babako

*

Ndugu wa ukoo mliokutana Kaloleni,

Nawasalimu nyote. Ningekuja mwenyewe lakini mamake Triza hawezi kuachwa, goti limevimba. Nimemwambia Triza awasomee.

Orodha mliyoletewa Oktoba haikuwa orodha ya binti yangu. Ilikuwa yangu. Yeye aliandika kila kitu na namba yake, na akaniomba nisiziache. Mimi niliziacha.

Nawaambia sababu zote mbili. Ya kwanza, niliona si desturi kumpimia mtu anachotoa. Mwenye kutoa hapewi kipimo. Niliogopa mtasema Patrobas anaomba kwa masharti. Hiyo ndiyo ningependa muiamini peke yake.

Ya pili ndiyo ya kweli zaidi. Niliisoma orodha ile mara tatu chini ya taa na sikuelewa hata mstari mmoja. Mimi niliyekuwa fundi wa reli miaka ishirini na tisa, niliyekataa kutia saini beringi. Niliona aibu kuwaletea karatasi ambayo mkiniuliza maana yake nitanyamaza, na jibu analo mtoto wa kike. Basi nikaandika ninachokielewa. "Bora" naielewa. "Heshima" naielewa.

Shitanda alipokuja kwangu akiwa amekasirika, ningemwambia hapo hapo. Nilimmiminia chai. Nilimwacha ndugu yangu aondoke akiamini mtoto wangu hana adabu, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema mimi ndiye.

Shitanda, hukukosea. Opicho, hukukosea. Mliombwa bora mkaleta bora. Triza hakukosea. Naomba vitu vibadilishwe kwa namba zake, na atakayesema vimeombewa aniombee mimi.

Ni mimi ndugu yenu,
Patrobas Luseno


Ofisini, Makadara
2 Februari 1999

Baba,

Nawasalimu wewe na Mama. Mwambie nimetuma dawa ya kuchua, ipo kwenye kifurushi hiki.

Nitakueleza kwa utaratibu, ingawa kichwa bado kina moto.

Jumapili ile ajenda ya kwanza iliandikwa "Msamaha wa Triza". Opicho aliisoma kwa sauti ya kanisani. Nikasimama, nikasema nina barua ya Baba. Nilisoma mpaka pale uliposema uliona aibu, na sauti ikakatika. Shangazi Mideva akaichukua akaendelea. Hakuruka, hata ile chai uliyommiminia Baba Mdogo.

Baba Mdogo hakuniangalia. Alimwangalia Shangazi, akasema, "Kaka yangu ameniacha nimtukane mtoto miezi miwili?" Akasema tena, "Miezi miwili, Mideva!" Alikuwa na hasira, Baba, hasira kama yangu hasa, na kwa mara ya kwanza nikampenda. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akageuza ile karatasi ya ajenda, akasema, "Haya. Soma namba. Polepole, mimi si msomi."

Nikazisoma zote. Niliona wazee wakiandika kwenye bahasha za sadaka, wengine kwenye viganja. Mzee Nabiswa aliandika ingawa monita yake haikuwa na shida. Mmoja akasema kilichoombewa hakirudi dukani, Shangazi akamwambia basi pasta yupo, ataombea vingine, kwani maombi yamekwisha?

Memori na kasha vilibadilishwa bila maneno. Duka lilikataa kuchukua ile Pentium Tuu. Baba Mdogo akanunua nyingine, bapa, yenye miguu, na ile kubwa ameiweka kabatini sebuleni anawaonyesha wageni. Anasema fahali akizeeka hauzwi.

Jumamosi tuliunganisha kwa Phares. Aliniachia nichomeke waya za umeme kwa mkono wangu. Ziko mbili, na ukizigeuza bodi inaungua, kwa hiyo waya nyeusi lazima zikae pamoja katikati. Nilizitazama mara tano. Tukawasha. Ikalia mlio mmoja mfupi na maandishi yakaja. Phares akasema, "Sasa hapo sawa. Hizi zinaelewana." Nililia, Baba, siwezi kuficha.

Jana asubuhi, tarehe moja, nilifika hapa na Baba Mdogo akiwa amebeba monita begani, amevaa koti la Jumapili. Meza yangu ilikuwa na Eve. Mureithi alimkalisha tangu Ijumaa, nikiwa mahakamani kupeleka hati. Taipureta yangu ilikuwa sakafuni, nyuma ya mlango, imewekewa ndoo juu. Nilikasirika, nikainama kuiondoa ile ndoo. Baba Mdogo akaiweka monita chini. Akamwuliza Mureithi leo ni tarehe ngapi. Mureithi akasema yeye hakudhani nitapata. Baba Mdogo akasema, "Hatujakuuliza ulidhani nini. Soma karatasi yako ukutani, kama mwandiko ni wako."

Mureithi akasema basi iwashwe tuone, wengi huja na makasha matupu. Nikaunganisha mbele ya wateja wote, nikawasha, nikapiga hati moja ya kiapo mwanzo mpaka mwisho. Wakili mmoja aliyekuwa amesimama pale akaniletea zake tatu. Eve akainuka mwenyewe, akakusanya vitu vyake, akasema, "Uncle, mimi siwezi kaa hapa. Hii si poa." Akaniombea radhi, yeye ambaye hakufanya kosa.

Kwa hiyo meza ninayo. Nakuandikia nikiwa juu yake, kwa kalamu, kwa sababu hii sitaki ipite kwenye mashine.

Shangazi anasema sasa nimeshinda, niache. Nimejaribu. Barua yako ilikuwa ya kiume, kila mtu amesema, na najua ilikugharimu. Lakini ilianza na "Ndugu wa ukoo". Ulimwambia Shitanda hakukosea, ukamwambia Opicho hakukosea. Mimi nilisimama nikaisoma kama ninavyosoma hati za watu hapa kila siku, za mtu na mwenzake, mimi nikiwa mpiga chapa tu. Niliyetukanwa ni mimi. Niliyeandikiwa mchagua jembe ni mimi. Kwangu uliandika mistari minne ya kuniagiza nisome.

Ukoo umepata barua yake. Mimi naingoja yangu.

Bintiyo,
Triza


Shinyalu
9 Februari 1999

Triza binti yangu,

Salamu na habari za nyumbani nitaziandika kwa barua nyingine. Nimeona nisizichanganye na hii.

Nilikukosea. Nilijua nimekukosea na nikakugombeza juu yake. Si ukoo ninaouomba, ni wewe.

Nisamehe, mama.

Babako